Nilishuhudia Kupona Kabla Sijapona

Naandika haya nikiwa nimekaa, jambo ambalo wanaonifahamu watalishangaa. Mimi ni mtu wa njiani. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikinunua asali kwa wafugaji wa nyuki, Gwarama mpaka Murungu, narudi nyumbani Kitahana na madumu yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, na miaka ya karibuni nyuma ya pikipiki. Baba yangu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akazeekea huku akitaja majina ya vilima ambavyo sisi watoto hatukuviona. Nadhani alinirithisha hali hiyo. Nikikaa sana mahali pamoja naanza kupakumbuka pengine, na nikifika huko nako naanza kukumbuka nilikotoka.

Leo nina kovu jembamba shingoni, kama mkunjo wa ngozi tu, na nachoka mapema. Namwandikia mtu ambaye yuko kwenye benchi la hospitali, ameshika majibu ya kipimo asichokielewa, na kila anayemuuliza anamwambia la kwake. Mimi si daktari. Nasema niliyoyapitia.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Nilikunywa maji mtoni, nyumbani kwa watu, kwenye vibanda vya soda, na haikupita muda naomba tusimame nichimbe dawa. Wenzangu wa biashara walinicheka. "Yeremia, umeajiriwa na serikali kumwagilia msitu?" Nami nilicheka. Kisha miundi ya miguu ikaanza kuniuma, maumivu yasiyo makali ila hayaondoki, kama mtu amekuwekea mkono na hataki kuutoa. Choo kikawa kigumu. Nikawa msahaulifu; niliacha dumu la asali nyumbani kwa mtu nikashindwa kukumbuka ni kwa nani. Na juu ya yote hayo ulikuwepo uchovu. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mke wangu, Spesioza, akinisemesha asubuhi nilimjibu kama mtu aliyeonewa, na mwanetu Furaha akawa anachungulia kwanza mlangoni kuona uso wangu ukoje ndipo aingie.

Nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa tena malaria. Masika hayo nikapata jiwe la figo, nikalazwa Kibondo. Asiyelijua jiwe la figo namwombea asilijue. Lilitoka, nikarudi njiani. Kiangazi kilipokolea nikaangushwa na la pili nikiwa sokoni Kasulu, katikati ya wateja, nikagaagaa chini mpaka mama mmoja muuza dagaa akavua kanga yake na kunifunika, kwa sababu nguo zilikuwa zimenivuka. Sikuwahi kumjua jina. Nilipopata nafuu kidogo nilikuta kanga yake bado iko juu yangu, hospitali.

Hapo Kasulu ndipo nilipokutana na daktari aliyenisaidia, mama wa makamo kutoka Tanga, anayezungumza taratibu na kujifunga mtandio vizuri. Hakuniuliza jiwe linauma wapi. Aliniuliza mambo mengine kabisa. Kiu? Ipo. Mifupa? Inauma. Choo? Nikatazama pembeni.

"Usinionee haya, baba. Mimi nazungumzia vyoo vya watu tangu asubuhi."

Akanipima madini ya kalsiamu kwenye damu. Yalikuwa juu. Akarudia baada ya siku kadhaa, yakawa juu tena. Ndipo akaniuliza natumia nini nyumbani, nikamwambia ukweli: kwetu mifupa ikiuma, watu hukimbilia maziwa na supu ya kongoro, na Spesioza alikuwa ameninunulia pia vidonge vya kalsiamu duka la dawa. Kila jioni ananisimamia nimeze.

"Maziwa kunywa kiasi chako cha kawaida," akasema. "Maji kunywa kwa wingi. Vidonge hivyo acha leo. Anakupenda huyo mkeo, ila anakuongezea chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuzidi chumvi."

Akanieleza kwamba shingoni, nyuma ya tezi kubwa, kuna tezi nne ndogo sana zinazotoa homoni ya kuongoza kalsiamu. Kipimo chake huandikwa kwa herufi tatu, PTH. Hapo Kasulu hakifanyiki. Damu hutolewa, hupozwa, hufungwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa Mwanza, kwa sababu damu ya kipimo hicho haivumilii joto. Nilitolewa damu asubuhi, nikaambiwa majibu yatatumwa kwenye simu yangu. Daktari akasisitiza: "Yakija, njoo nayo. Usikae nayo."

Yalikuja mvua za kwanza zimeanza, watu wanapanda maharage. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi ukutani, Spesioza yuko shambani peke yake kama ilivyokuwa imekwisha kuwa desturi. Nikafungua picha ya majibu kwenye simu. Kulikuwa na namba, na pembeni yake kiwango cha chini na cha juu. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha kabisa. Namba yangu ilikuwa katikati ya hizo mbili. Nikasoma tena na tena. Kisha nikampigia kaka yangu Leonidas, ambaye ni mzee wa kanisa letu.

"Imo ndani ya kiwango?" akauliza.

"Imo ndani."

"Haijazidi hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka."

"Imana ishimwe!" Mungu asifiwe. Nilimsikia akiwaambia watu waliokuwa naye, na wao wakaitikia. "Jumapili unasimama, Yeremia. Usifiche alichokutendea Mungu."

Lazima nieleze desturi ya kanisa letu, maana mgeni hawezi kuelewa uzito wake. Aliyepona husimama mbele kushuhudia, na hubeba kile alichokuwa akikitegemea katika ugonjwa, akakiacha chini ya mimbari. Wengine huacha bandeji, wengine kitambaa walichojifunga kiunoni. Watu huimba, humzunguka, humkumbatia. Baada ya hapo haulizwi tena habari za ugonjwa. Ukimwuliza ni kama unamwita mwongo, na akirudi mwenyewe hospitali kwa ugonjwa uleule ni kama anamwita Mungu mwongo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Kila mtu anaijua.

Mimi niliacha mkongojo niliokuwa nikitembelea tangu miundi ilipozidi kuuma. Waliimba mpaka vumbi likapanda. Nililia kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka mno kuwa mgonjwa, na watu wote wale walikuwa wananiambia nimeruhusiwa kuacha. Spesioza alikuwa upande wa wanawake. Alipiga makofi pamoja nao, ila macho yake yalikuwa yananiangalia miguu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ugonjwa wenyewe. Nilitembea bila fimbo kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kuwa nayo. Nikifika mahali pasipo na watu nilishika miti. Kiu ilikuwa palepale. Nilikwenda Gwarama mara moja, mwenyeji wangu akanitazama nikishuka kwenye pikipiki akasema, "Ihangane, ndugu," neno tunalomwambia mfiwa au mgonjwa. Nikamwambia nimepona. Akasema, "Haya," akaenda kunitafutia kiti.

Maharage yalipokuwa yanavunwa, nilinyanyua dumu la asali, tena si la kujaa, nikasikia ubavu umelia kama kijiti kikavu. Nilikaa chini polepole. Spesioza alikuja akiwa na maganda ya maharage kwenye nywele.

"Baba Furaha, twende Kasulu."

"Watu watasemaje?"

"Hao watu ndio wanaokukanda mgongo? Ndio wanaofua mashuka? Nani aliniuliza mimi kama umepona?" Sauti yake haikupanda. Alikuwa amechoka hata kunigombeza. "Mimi nalala na wewe. Mimi ndiye wa kuulizwa."

Tuliondoka alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. Kwenye basi kila shimo la barabara lilinifikia ubavuni. Daktari alipotuona alianza na Spesioza, akamshika mkono, kisha akanigeukia.

"Majibu yalitoka lini, baba?"

"Wakati wa kupanda."

"Na sasa ni wakati wa kuvuna. Ulikuwa wapi?"

"Kanisani," nikasema.

Daktari aliuma midomo. Sijui alikuwa anazuia kicheko au hasira. Akachukua simu yangu, akaiangalia ile picha, akaiweka mezani.

"Ulisoma nini hapa?"

"Kwamba ni kawaida."

"Shemeji," akamwambia Spesioza, "ukipika uji, sufuria ikaanza kufurika, unafanyaje?"

"Navuta kuni nje."

"Na ukiona sufuria inafurika, uji unamwagika, na kuni ziko vilevile kama za kila siku, hazikuongezwa wala hazikupunguzwa?"

"Basi kuna mtu mjinga jikoni."

"Huyo mtu yuko shingoni mwa mumeo." Akanigeukia. "Kalsiamu yako inafurika, baba. Ikifurika, hizo tezi zinatakiwa zitulie, homoni ishuke chini kabisa, karibu isionekane. Yako imekaa katikati kama hakuna kilichotokea. Mtu mwenye kalsiamu ya kawaida akiwa na namba hii, namwambia aende nyumbani. Wewe ukiwa na namba hiihii, nakwambia keti. Namba hii haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na kalsiamu, na vizuri zaidi damu yote itolewe mara moja."

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine. Niliisoma namba moja. Zilikuwa mbili.

Tukaanza upya. Damu ya kalsiamu na damu ya homoni zikatolewa kwa sindano ileile, nikaulizwa dawa zote ninazotumia mpaka za mitishamba. Akataka pia mkojo wa siku nzima, wote, pasipo kumwagwa hata kidogo. Chombo cha hospitali kilikuwa kimekwisha, nikaambiwa nilete dumu safi. Mimi madumu ndiyo mali niliyonayo. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilitoka nyumba ya wageni nimebeba dumu la njano, na kijana wa bodaboda aliyenizoea sokoni akanipigia kelele toka ng'ambo ya barabara.

"Mzee wa asali! Leo ipo? Mbona nyepesi hivyo, umeichakachua?"

"Hii siuzi," nikasema.

"Nionjeshe basi!"

Spesioza alilazimika kukaa chini kwenye ukingo wa mtaro. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka nimeshika ubavu, ukiniuma kwa kila kicheko. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumecheka pamoja kabla ya siku hiyo. Kwenye chumba cha kusubiria bado tulikuwa tukitazamana tunaanza tena, na watu wakadhani tumepata habari njema.

Majibu safari hii tuliyapokea tumekaa mbele ya daktari. Kalsiamu juu. Homoni nayo ilikuwa imepanda kidogo, imevuka kiwango. Tezi moja kati ya nne ilikuwa imekua na haisikii. Dawa yake ni upasuaji, akasema, na figo zangu hazikuwa na muda wa kusubiri mavuno mengine. Akaniandikia rufaa ya Mwanza.

Leonidas alikuja nyumbani tuliporudi. Kaka yangu si mtu mbaya. Alinibeba mgongoni tulipokuwa watoto nilipovunjika mguu, na baba alipofariki ndiye aliyenilipia ada ya shule. Alikaa muda mrefu ameshika kofia.

"Waambie unakwenda Mwanza kununua madumu," akasema.

"Na nikirudi na kovu?"

"Ukirudi tutajua la kusema. Yeremia, watu wengi walitiwa nguvu na ushuhuda ule. Usiwabomoe kwa ajili ya ugonjwa ambao utatibiwa tu."

Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, na ilikuwa rahisi. Mtu wa njiani huaga kwa uongo mdogo mara nyingi.

Jumapili kabla ya safari nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mchungaji aliita walio na ushuhuda. Akasimama Mama Ester, mjane, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye ugonjwa wake wa presha kila mtu anaujua kwa sababu huusimulia mwenyewe. Alikwenda mbele kwa hatua za haraka. Mkononi alikuwa na pakiti za vidonge zimefungwa kwa uzi.

"Nami nimechoka kuwa mtumwa wa dawa," akasema. "Nilipimwa kituo cha afya, nesi akaniambia presha imekaa vizuri. Nikajiuliza, mbona ndugu yetu Yeremia alipoambiwa ni kawaida aliacha fimbo yake hapa, akaenda? Nami leo naacha hizi."

Akaziweka chini ya mimbari. Wimbo ukaanza.

Leonidas alinitazama kutoka kwenye viti vya wazee. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote, alinitazama tu. Nami nilijua maana yake, na nilijua pia kwamba presha ya Mama Ester ilikuwa imekaa vizuri kwa sababu ya vidonge vile vilivyokuwa chini pale. Nilisubiri mtu mwingine aseme. Kulikuwa na mwalimu pale, kulikuwa na karani. Waliimba.

Nilisimama. Kutoka mlangoni mpaka mbele si mbali, lakini nilikuwa nimeshika viti kimoja baada ya kingine, na watu waliponiona nikishika viti waliacha kuimba, mmoja mmoja, mpaka wakabaki wanakwaya peke yao, nao wakanyamaza. Nikainama. Kuinama kulinitoa jasho. Nikaziokota pakiti zile, nikamwekea Mama Ester mkononi.

"Mama, mimi sijapona," nikasema. "Nilisoma kipimo kimoja na vilikuwa viwili. Mifupa yangu inavunjika. Kesho nakwenda Mwanza nikapasuliwe shingo. Presha yako iko vizuri kwa sababu ya hivi. Endelea kumeza."

Mama Ester alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Yeremia," akasema kwa sauti ndogo, akatoka nje. Vidonge alitoka navyo.

Mwanza sina mengi ya kusimulia. Nililala kwenye wodi yenye dirisha moja, na usingizi ulipokataa nilipita njia zangu kichwani: Kitahana, Murungu, kibanda cha chai, mteremko wenye mawe, mpaka Gwarama. Waliitoa tezi moja, ndogo kama punje ya haragwe, wakanionyesha. Sikuamini kwamba kitu hicho kilikuwa kimeninywea mifupa. Baada ya upasuaji midomo na ncha za vidole vilinichonyota kama vimepitiwa na siafu. Nesi alikuwa ameniambia mapema nikihisi hivyo nimwite mara moja, nisisubiri, nami nikamwita. Kalsiamu ilikuwa imeshuka upesi mno; mifupa yenye njaa ilikuwa inaivuta irudi. Wakanipa vidonge vya kalsiamu, vilevile nilivyokatazwa Kasulu, na safari hii ndivyo vilivyokuwa dawa. Nawe ukipasuliwa, uliza kabla hujatoka wodini utafanya nini midomo ikichonyota.

Kiangazi chote nilikuwa wa kupona kwa vipande. Kiu iliondoka kwanza, ndani ya siku chache, ghafla kiasi kwamba nilisahau kunywa maji. Miundi iliendelea kuuma kwa miezi. Uchovu umepungua, haujaisha. Leonidas hakuja kunitembelea kwa muda, kisha siku moja alikuja na mkungu wa ndizi, akauacha, akauliza habari za mvua. Kanisani watu hunisalimia vizuri, ila mchungaji akiita walio na ushuhuda kuna ukimya mfupi ambao haukuwepo zamani.

Mama Ester hakunisalimia kabisa. Tukikutana njiani aliangalia mashamba. Spesioza alinikataza kwenda kwake kuomba radhi. "Utamwomba radhi ya nini? Ya kuwa hai?" Lakini nilikuwa najiuliza kila siku kama anameza, na hakuna njia ya kuuliza swali hilo kupitia ua.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya kuchukuliwa damu, maana bado napimwa, kalsiamu na homoni pamoja. Nikamkuta kwenye benchi. Alisogea pembeni, si ili kunipa nafasi, bali kunikwepa. Tulikaa hivyo, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja, kila mmoja akitazama ukuta wenye picha ya mama anayenyonyesha. Nesi, binti mpya aliyepangiwa huku kutoka mkoa mwingine, alimfunga Mama Ester kipimo cha presha mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza.

"Iko vizuri leo, mama. Ni kawaida."

Akaanza kumfungua. Mama Ester akamshika mkono, akauzuia.

"Ngoja, binti. Kawaida ukiisoma pamoja na nini?"

Nesi alimtazama, hakuelewa upesi. "Pamoja na... ya mara iliyopita, mama. Na dawa unazomeza."

"Ya mara iliyopita ilikuwa ngapi?"

Nesi akageuza kurasa za kadi.

"Nisomee zote mbili," akasema Mama Ester. Kisha, bila kunigeukia: "Soma kwa sauti. Kuna mtu hapa naye anasikiliza."